Safu ya RAID 5 ya redio yetu Kisumu imeanguka: tuijenge upya au turudishe nakala ya akiba?

#1 Mhifadhi_Kisumu
Hamjambo wanajamii. Ninatunza hifadhi ya sauti katika redio moja ya jamii hapa Kisumu. Seva yetu ina diski nne za TB 4 kila moja, zilizounganishwa kwa RAID 5 (diski kadhaa hufanya kazi kama moja, na moja ikifa data hubaki) kupitia programu ya mdadm kwenye Linux. Ndani yake mna mahojiano ya wazee, rekodi za mikutano ya hadhara, na nyimbo za vikundi vya kina mama kuanzia Ahero hadi Bondo, ambavyo vingine vimeshavunjika na hakuna mwenye rekodi zao isipokuwa sisi. Ijumaa jioni, wakati wa radi, stima ilipotea na kurudi mara kadhaa mfululizo. Seva ilipowaka tena, safu ilikataa kuunganika, ikionyesha kwamba diski mbili kati ya nne zimeondolewa. Nakala ya mwisho ya akiba iko kwenye diski za nje na ni ya mwezi wa Mei, na tangu wakati huo tumerekodi mengi.

Fundi aliyeletwa ofisini anasema mambo mawili. La kwanza ni kwamba hatukuhitaji nakala ya akiba tangu mwanzo, kwa kuwa RAID 5 yenyewe ni nakala. La pili ni kwamba tuunde safu upya kwa amri ya `--create`, kisha data itajitokeza. Sijamruhusu aguse kitu. Naomba maoni yenu kabla jioni haijafika, maana mkurugenzi anataka jibu leo.

#2 FundiSeva_Nakuru
Zima seva hiyo na usiruhusu amri ya `--create` ikaribie diski zako. Amri hiyo haisomi safu ya zamani bali huandika rekodi mpya ya safu juu ya ile iliyopo, na ikiwa mpangilio wa diski, ukubwa wa vipande au mahali data inapoanzia vitatofautiana hata kidogo na vile vya awali, utapata safu inayowaka vizuri huku ndani yake mna takataka. Zaidi ya hayo, mdadm inapounda RAID 5 mpya huichukua diski moja kuwa ya kujengwa upya na kuanza kuiandikia papo hapo. Kufikia hapo umeharibu diski ambayo pengine ilikuwa nzima.

Iwashe mashine bila kuunganisha safu, kisha uendeshe `mdadm --examine` kwa kila diski na utuletee majibu yote manne. Amri hiyo husoma tu, haiandiki kitu. Tukiona namba za matukio (hesabu ya mabadiliko ya safu ambayo diski imeyashuhudia) na tarehe, tutazungumza kwa ushahidi.

#3 Kijana_Kondele
Nadhani fundi huyo anaonewa. RAID 5 iliundwa ili diski ikifa kazi iendelee. Hapa Kondele tuna kompyuta za ofisi zenye diski mbili zinazoakisiana, diski moja ikifa tunaweka nyingine na mteja hajui lolote limetokea. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, kununua tena diski za kuweka nje ni gharama mara mbili kwa kazi ileile.

#4 Mkutubi_Bungoma
Ndugu Kijana, kazi si ileile. Safu hukulinda dhidi ya kifo cha diski, basi. Mtu akifuta folda kimakosa, folda hiyo hufutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Kirusi kikifunga faili ili mlipe fidia, hufunga pande zote. Mwizi akiibeba seva, anabeba na pariti yake, yaani ile hesabu ya kurudishia data. Ukimwekea mteja diski zinazoakisiana bila nakala nje ya mashine, unampa uwezo wa kuendelea kufanya kazi, na hilo ni jambo jema, lakini siku atakayotaka faili ya wiki iliyopita hutakuwa na pa kuitoa.

Hata wenye wataalamu tele wamepatikana. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta saraka ya hifadhidata kwenye seva ambayo siyo. Walipokwenda kurudisha, waligundua kwamba kati ya njia tano za kunakili walizokuwa wamezipanga hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa takribani saa sita kabla, na data ya saa hizo ilipotea. Mimi kila mwisho wa muhula huchagua faili chache za maktaba bila kupanga, nikazirudisha kwenye mashine nyingine na kuzifungua. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa haina uthibitisho wowote.

#5 Mvuvi_wa_Dunga
Kwa faida ya wasomaji wapya: RAID ilibuniwa na IBM mwaka 1988. Wazo la pariti ni kwamba diski moja kati ya zote huhifadhi hesabu ya nyingine, na ikifa diski yoyote unairudisha kutokana na hesabu hiyo.

#6 Mwalimu_wa_Njoro
Asante kwa mchango, ndugu Mvuvi, lakini pana mambo mawili ya kusahihisha. Jina RAID na ngazi zake za kwanza zilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika makala ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz ya mwaka 1988. IBM wana haki yao pia, kwa sababu mhandisi wao Norman Ken Ouchi alipewa hataza mwaka 1978 kwa mbinu ya kurudisha data iliyopotea kwenye kifaa kimoja kati ya kadhaa.

La pili, unachoeleza ni RAID 4, ambako pariti yote hukaa kwenye diski moja. Katika RAID 5 pariti huzunguka kwa kanda, ukanda ukiwa ni vipande vinavyolingana kwenye diski zote: ukanda huu pariti iko diski ya nne, ukanda unaofuata iko ya tatu, na kuendelea. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ikiwa biti za diski tatu ni 1, 0 na 1, pariti ni 0, kwa kuwa idadi ya moja ni shufwa. Ikipotea ile ya kwanza, unabaki na 0, 1 na 0, na ili shufwa irudi lazima iliyopotea iwe 1. Zikipotea biti mbili katika ukanda mmoja, hakuna hesabu itakayokuambia zilikuwa nini. Ndiyo maana diski mbili zilizoondolewa kati ya nne ni jambo zito, na ndiyo maana tunahitaji kujua kama kweli zote mbili zimekufa.

#7 Mhifadhi_Kisumu
Shukrani nyote. Nimefanya alivyosema FundiSeva. Ninafupisha majibu ya `--examine`:

Diski A: matukio 91877, ilisasishwa Ijumaa saa 12:41 jioni, hali ya safu `AA..`
Diski B: matukio 91877, saa ileile, hali `AA..`
Diski C: matukio 91869, Ijumaa saa 12:40 jioni, hali `AAA.`
Diski D: matukio 60412, ilisasishwa tarehe 17 Februari, hali `AAAA`

Sielewi tarehe ya diski D. Tuko mwezi wa Oktoba.

#8 DadaSeva_Kakamega
Tarehe hiyo ndiyo inayoeleza mkasa wote. Kila diski hubeba rekodi ya safu jinsi ilivyoiona mara ya mwisho; katika `AA..` herufi A ni diski iliyo hai, na nukta ni isiyokuwepo. D inaona wenzake wote wako hai, kwa sababu ilipotoka hakuna aliyeweza kuiandikia tena. C inaona D haipo. A na B zinaona C na D hazipo. Kwa maneno mengine, D iliondolewa tarehe 17 Februari, na tangu siku hiyo mmekuwa mkiendesha safu isiyo na kinga yoyote, kisha Ijumaa C ikaponyoka.

Faraja iko kwenye tofauti ya matukio. Kati ya B na C ni matukio 8 tu, yote ndani ya dakika moja ya mwisho. Data ya C ni ya kisasa isipokuwa maandishi machache ya sekunde hizo. D imepitwa na miezi minane na haifai kuingizwa kwenye safu kabisa. Ukiilazimisha pamoja na A na B badala ya C, utachanganya data ya Februari na ya Oktoba katika kanda zilezile, na mfumo wa faili utasambaratika.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Tafuta diski tatu mpya, za ukubwa uleule au zaidi. Nakili A, B na C nzima, sekta kwa sekta (vile vipande vidogo kabisa vya diski), kwa programu ya GNU ddrescue, ambayo ikikuta sekta mbovu huiruka, huiandika kwenye faili ya ramani, na kuirudia baadaye badala ya kung'ang'ana nayo hadi diski ife mkononi. Anza na C. Kisha weka diski za asili kwenye droo, na kazi nyingine zote uzifanye juu ya hizo nakala kwa `mdadm --assemble --force` ukitaja nakala tatu tu. Hata ukikosea, unarudi mwanzo.

#9 FundiSeva_Nakuru
Naunga mkono chapisho la 8 neno kwa neno. Nongeze kwamba kukataa kuunganika kwenyewe hakumaanishi kifo. Safu ya RAID 5 iliyokwisha kupoteza diski moja, kisha ikazimika ghafla katikati ya kuandika, Linux huikataa kwa makusudi mpaka mtu aithibitishe, kwa sababu haijui kama pariti inalingana na data. Ukiisha kuiunganisha, iwashe kwa kusoma tu na uanze kuhamisha zile rekodi za baada ya Mei.

#10 DadaSeva_Kakamega
Kwa kusoma tu, ndiyo, ila kuna mtego. Ikiwa mfumo wa faili ni ext4, chaguo la `ro` peke yake bado hurudia shughuli zilizomo kwenye jarida (kumbukumbu ya maandishi ambayo hayajakamilika), yaani huandika diskini. Tumia `ro,noload`. Kwa XFS ni `ro,norecovery`. Na `fsck`, programu ya kukagua mfumo wa faili, ipewe `-n` kwanza, ili itaje makosa bila kuyarekebisha.

#11 FundiSeva_Nakuru
Sahihi kabisa, dada. Hilo huwapata wengi.

#12 FundiUmeme_Kisii
Mnajadili tiba na hamjagusa ugonjwa. Mimi ni fundi wa umeme, na katika nyanda hizi zinazolizunguka ziwa radi ni jambo la kila msimu. Stima ikipotea na kurudi mara tano ndani ya dakika chache, pawasaplai ya bei nafuu hutoa volti zinazoyumba, na diski huona hivyo kama kuzimwa katikati ya kuandika. Katika RAID 5 hilo ni hatari ya pekee, kwa sababu kila kuandika kunagusa data na pariti, na moja ikiandikwa kabla ya nyingine zinaachana bila yeyote kujua. Linux ina dawa yake tangu toleo la 4.4, ambapo unaweza kuwa na diski ya jarida, na tangu 4.12, ambapo kumbukumbu ya pariti hukaa kwenye diski zilezile za safu. Sidhani kama imewashwa hapo. Nauliza pia: jengo hilo lina waya wa ardhi uliopimwa, au kuna UPS iliyochoka chini ya meza?

#13 Mwalimu_wa_Njoro
Umeme unaeleza C. Hauelezi D, ambayo ilitoka Februari bila mtu kuripoti tatizo la stima. Mhifadhi, hizo ni diski za aina gani: za kompyuta za mezani au za seva?

#14 Mhifadhi_Kisumu
Za mezani, Mwalimu. Zilinunuliwa zote siku moja, duka moja. UPS ipo, lakini betri yake hushika kwa muda mfupi sana. Waya wa ardhi nitauliza.

#15 Mwalimu_wa_Njoro
Basi nina mshukiwa wangu. Diski ya mezani ikikuta sekta ngumu kusoma hujaribu na kujaribu tena, wakati mwingine kwa dakika mbili, kwa kuwa hudhani hakuna diski nyingine itakayosaidia. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30, kisha huiona diski kuwa haijibu, huiweka upya, na safu huifukuza. Diski haijafa. Imechelewa kujibu tu.

Diski za seva hukata tamaa baada ya takribani sekunde 7 na kuacha pariti ifanye kazi yake. Baadhi ya diski za mezani hukubali kuwekewa kikomo hicho kwa `smartctl -l scterc,70,70`, ila nyingi husahau zikizimwa, kwa hiyo amri hiyo iwekwe kwenye hati ya kuwasha mashine. Zisizokubali, ongeza muda wa kusubiri wa Linux hadi sekunde 180 katika `/sys/block/sdX/device/timeout`. Nimeona jambo hili likitoa diski nzima kwenye safu kuanzia Njoro hadi Lanet, na kila mara mtu hununua diski mpya bila sababu.

#16 Mvuvi_wa_Dunga
Kwa heshima, Mwalimu, mimi natazama ziwa kila asubuhi na nasema ni joto na unyevu. Chumba cha seva chini ya mabati, Kisumu, saa nane mchana! Joto huua diski, kila mtu anajua.

#17 Mkutubi_Bungoma
Nusu umepata. Kuhusu joto, watafiti wa Google walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja, na hawakuona uhusiano wa nguvu kati ya joto la kawaida la kazi na kufa kwa diski, isipokuwa kwenye viwango vya juu sana na kwa diski zilizozeeka. Lakini kuhusu unyevu, uchunguzi uliowasilishwa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers pamoja na Microsoft, kwa kutumia data ya vituo tisa, uliona kwamba unyevu wa hewa ndio ulioathiri zaidi, hasa kwenye saketi na viunganishi, si kwenye sahani za diski. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu diski D, litazame lile kebo na meno yake.

#18 Mvuvi_wa_Dunga
Nusu inanitosha, Mkutubi. Ziwa limetetewa.

#19 DadaSeva_Kakamega
Badala ya kukisia, tuulize diski yenyewe. Mhifadhi, endesha `smartctl -A` kwa D na utuletee namba 5, 197 na 199. Ya 5 ni sekta zilizohamishwa, ya 197 ni sekta zinazosubiri uamuzi, na ya 199 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao. Ya 199 ikiwa juu peke yake, ni kebo. Za 5 na 197 zikiwa juu, ni sahani.

#20 Kijana_Kondele
Wakati tunasubiri, naomba kuuliza kwa dhati, maana nimesoma yote na nimeanza kuona hoja. Safu ilipoteza diski Februari. Kwa nini hakuna aliyejua kwa miezi minane?

#21 FundiSeva_Nakuru
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. mdadm ina hali ya ulinzi ambayo hutuma barua pepe diski inapotoka, kwa anwani iliyo kwenye mstari wa `MAILADDR`. Kwenye seva nyingi ninazofunguliwa mstari huo umeandikwa `root`, yaani akaunti ya msimamizi wa mfumo, na barua za root huishia kwenye faili ambayo hakuna binadamu anayeifungua. Mhifadhi, soma `/var/mail/root`. Nina hakika utakuta ujumbe wa tarehe 17 Februari.

Tena, Debian, mojawapo ya aina za Linux, huendesha ukaguzi wa safu nzima kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ukaguzi huo ni muhimu kwa sababu husoma kila sekta na kuzigundua zilizooza kabla hazijahitajika, lakini nao huripoti kimyakimya. Ofisi ndogo nazishauri ziandike hati fupi ya kusoma `/proc/mdstat` kila saa na kutuma SMS kwa watu wawili ikiona alama ya `_`, yaani diski iliyotoka. Wawe wawili, kwa sababu mmoja atakuwa likizo.

#22 Mhifadhi_Kisumu
Ujumbe upo. Tarehe 17 Februari, saa 10:06 alfajiri, umeandikwa wazi kwamba diski imeshindwa. Uko miongoni mwa jumbe nyingi za mfumo ambazo hazikuwahi kufunguliwa tangu seva isimikwe.

Namba za diski D: ya 5 ni 0, ya 197 ni 8, ya 199 ni 214. Diski tatu mpya zimepatikana na kunakili C kumeanza.

#23 Mwalimu_wa_Njoro
Sekta 8 zinasubiri. Ndilo nililosema: ilikwama kwenye sekta ngumu, muda ukaisha, ikafukuzwa. Tena 8 ni kipande kimoja tu cha baiti 4096.

#24 Mkutubi_Bungoma
Na makosa 214 ya mawasiliano, Mwalimu, tuyaweke wapi? Hayo hayatoki kwenye sahani.

#25 FundiUmeme_Kisii
Mawasiliano huharibika pia volti zikiyumba. Wala msiitoe pawasaplai kwenye orodha.

#26 DadaSeva_Kakamega
Kuna uwezekano wa nne. Mhifadhi, tafuta namba kamili ya muundo wa diski na uangalie kama ni zile ambazo njia zake za kuandikia hupandana kama vigae. Diski hizo zinapoandikiwa mfululizo kwa muda mrefu hujaza nafasi yake ya muda kisha hukwama zikijipanga, na safu huona kama haijibu. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya diski zao za familia ya Red, za TB 2 hadi 6, zilikuwa za namna hiyo bila kutajwa kwenye maelezo ya bidhaa, na baadaye wakatenganisha majina. Muundo huo haufai kabisa kujengewa upya RAID 5.

#27 Mhifadhi_Kisumu
Taarifa ya asubuhi. Nakala za A na B zimekamilika bila pengo. C imebaki na kilobaiti 12 zisizosomeka kati ya TB 4, baada ya kurudia mara tatu. Nimeunganisha nakala tatu kwa `--assemble --force`, nikawasha kwa `ro,noload`, na folda zote zinaonekana. Nimesikiliza rekodi ya Agosti, ya mzee mmoja wa Seme akieleza jinsi mitumbwi ilivyoshonwa kwa kamba kabla ya misumari kuenea, na sauti ni safi mwanzo hadi mwisho. Mkurugenzi alikaa akaisikiliza yote.

Zile kilobaiti 12 ndizo zinazonisumbua. Zimo ndani ya faili gani?

#28 FundiSeva_Nakuru
Hongera. Hapo mnahitaji kugeuza nafasi ya sekta kuwa jina la faili. ddrescue ina ramani ya mapengo, na `debugfs` ya ext4 inaweza kukuambia kipande fulani ni cha faili ipi, lakini lazima kwanza upige hesabu ya kanda za RAID ili upate nafasi yake ndani ya safu. Ni kazi ya kalamu na karatasi. Usiifanye ukiwa na usingizi.

#29 Mwalimu_wa_Njoro
Kuna njia ya pili ambayo wengi huisahau. Diski D ni ya Februari, sawa, lakini kanda ambazo hazijaguswa tangu Februari bado zinalingana nayo. Ikiwa pengo liko ndani ya faili ya zamani, basi A, B na D zinaweza kuhesabu kilobaiti hizo za C kwa usahihi. Hiyo D tusiitupe.

#30 Mkutubi_Bungoma
Inawezekana kinadharia, Mwalimu, ila utajuaje kwamba hakuna kipande jirani cha ukanda huohuo kilichobadilika baada ya Februari? Tena ikiwa faili ni ya zamani kiasi hicho, imo kwenye nakala ya Mei! Mhifadhi arudishe faili hiyo kutoka diski za nje na suala liishe. Ninachopendekeza ni kulinganisha hifadhi nzima na nakala ya Mei kwa `rsync -r -v -n -c`, ambayo husoma yaliyomo kwenye kila faili na kutaja zinazotofautiana bila kuzigusa. Rekodi za sauti hazihaririwi, kwa hiyo yoyote ya kabla ya Mei itakayotofautiana ndiyo iliyoumia.

#31 Mwalimu_wa_Njoro
Hoja hiyo ina nguvu kwa faili za kabla ya Mei. Kwa zilizoandikwa baada ya hapo, D haisaidii wala nakala haisaidii. Tuombe pengo liwe upande wa zamani.

#32 Kijana_Kondele
Sasa wakishaokoa, wapange nini? Nimepiga hesabu: diski za mezani hutangazwa kwa kosa moja la kusoma kwa kila biti 10^14, yaani karibu TB 12.5. Kujenga upya safu hii ni kusoma diski tatu za TB 4, jumla TB 12. Basi RAID 5 ya ukubwa huu ikipoteza diski lazima ianguke wakati wa kujengwa. Wahamie RAID 6.

#33 DadaSeva_Kakamega
Karibu upande wetu, Kijana. Hesabu ni sahihi, hitimisho limezidi. Namba hiyo ni kikomo ambacho mtengenezaji anaahidi kutokivuka, si wastani. Diski nyingi husomwa nzima kila mwezi wakati wa ukaguzi bila kosa hata moja. Tazama A na B hapo juu: TB 8 zimesomwa bila pengo. Ila naafiki RAID 6. Kwa diski nne utapata TB 8, na diski zozote mbili zinaweza kufa.

#34 FundiSeva_Nakuru
Mimi ningechagua RAID 10, ambako diski huakisiana mbilimbili. TB ni zilezile 8, kujenga upya ni kunakili diski moja tu kutoka kwa pacha wake bila kuzisumbua nyingine, na kuandika ni kwa kasi. Najua udhaifu wake: zikifa mbili zilizo pacha, kwaheri. Katika ofisi yenye stima inayochezacheza napendelea ujenzi unaoisha haraka.

#35 Mkutubi_Bungoma
Na TB 12 za sasa mtazibana vipi ndani ya TB 8? Mhifadhi atueleze kwanza amejaza kiasi gani. Vyovyote watakavyochagua, jambo la kwanza ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kanuni hiyo ilienezwa na mpiga picha Peter Krogh, mtu wa hifadhi kama sisi.

#36 Mvuvi_wa_Dunga
Kwa nini wasipandishe zote kwenye wingu la intaneti tu?

#37 Mwalimu_wa_Njoro
Piga hesabu, ndugu. TB 12 kwa mwendo wa kupandisha wa megabiti 10 kwa sekunde ni siku 111 mchana na usiku, iwapo laini haitakatika. Kurekodi kwa kila siku kunaweza kwenda hivyo, kwa sababu ni kidogo. Mzigo wa kwanza upelekwe kwa diski, ndani ya gari, hadi Nakuru au Kakamega. Diski ifungwe kwa nywila kupitia LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba data, kwanza, kwa kuwa sauti na majina ya watu ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na nywila iwekwe mahali pawili tofauti na diski.

#38 Mhifadhi_Kisumu
Tumejaza TB 7.1, kwa hiyo RAID 6 na RAID 10 zote zinatosha kwa sasa. Ulinganisho umekamilika: faili moja tu ya kabla ya Mei inatofautiana, rekodi ya mkutano wa hadhara, na nimeirudisha kutoka kwenye nakala. Rekodi za baada ya Mei zimehamishiwa kwenye diski mbili tofauti. Kijana_Kondele amejitolea kuja kutuwekea hati ya SMS, na tunamshukuru. Muundo wa diski nimeuangalia: mtengenezaji haelezi njia za kuandikia zimepangwaje.

Kuhusu sababu ya D, nilitaka kusoma kumbukumbu za mfumo za Februari, lakini huhifadhiwa kwa wiki nne tu na zimefutika.

#39 DadaSeva_Kakamega
Diski ina kumbukumbu yake. Endesha `smartctl -l xerror` kwa D. Kila kosa limeandikiwa saa za kazi za diski lilipotokea. Linganisha na namba 9, ambayo ni saa za sasa, urudi nyuma hadi Februari. Ukikuta UNC (sekta isiyosomeka), Mwalimu ana hoja. Ukikuta ICRC (kosa la mawasiliano), ni kebo, au umeme kama anavyosema Fundi wa Kisii.

#40 Mhifadhi_Kisumu
Nimeendesha. Kwa saa zinazoangukia wiki ya tatu ya Februari kuna UNC moja, na kabla yake, ndani ya saa hiyohiyo, kuna ICRC tatu.

#41 FundiUmeme_Kisii
ICRC zimetangulia.

#42 Mwalimu_wa_Njoro
Zimetangulia, lakini safu haifukuzi diski kwa ICRC. Linux hurudia ombi na kazi huendelea. Iliyoifukuza ni UNC. Mhifadhi, badilisha kebo, weka D kwenye mashine nyingine, uendeshe `smartctl -t long`, na utuletee namba 197 na 199 baada ya jaribio. Usiirudishe dukani kabla ya hapo.